Pauline Lumumba: Mjane aliyeondoka bila kumzika mumewe

Kila Januari, watu wanapokumbuka kifo cha Patrice Lumumba, kuna picha moja nyeusi na nyeupe ambayo huzunguka mitandaoni. Lumumba mwenyewe hayumo. Aliyemo ni mwanamke kijana anayetembea katika mji wa Léopoldville, ambao leo tunauita Kinshasa. Nywele zimekatwa, kifua kiko wazi, na watu wamemzunguka. Wengi huituma mbele bila jina. Wakijitahidi sana wanaandika kuwa huyo ni mke wa Lumumba, basi, stori imeishia hapo.

Anaitwa Pauline Opango. Siku hiyo ya Februari 1961 alikuwa na miaka 24, na alikuwa akielekea ofisi za Umoja wa Mataifa kuomba kitu kimoja tu: mwili wa mumewe, akauzike. Hakupewa. Aliishi miaka mingine 53, akalea watoto, akahama nchi moja hadi nyingine, akarudi kwao, akazeeka, na bado hakupewa.

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza. Lakini hata kwa muda niliokaa darasani, jina la Lumumba nililisikia mara nyingi. La Pauline hata mara moja. Kwa hivyo leo tumweke Lumumba kando kidogo, tumwangalie Mama Pauline. Na nikifika mwisho nitaeleza kwa nini sisi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta tuna sababu zetu wenyewe za kumsikiliza.

Mke akiwa na miaka 14

Pauline alizaliwa Januari 1, 1937, Wembo-Nyama, eneo la Sankuru huko Kasai, katikati ya Kongo. Palikuwa na misheni ya Wamethodisti kutoka Marekani. Watu wake ni Watetela, kabila moja na Lumumba, ambaye alizaliwa kijiji cha Onalua mwaka 1925.

Kongo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mwafrika alifundishwa kusoma, kuandika na kazi ya mikono, lakini chuo kikuu ilikuwa hadithi ya watu wengine. Uhuru ulipofika, Wakongo wote wenye shahada wangepanda basi moja la Mombasa na viti vibaki. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, maana hata shule ya kawaida ilionekana ni ya ndugu zao wa kiume.

Mwaka 1951, Pauline akiwa na miaka 14, familia zilikubaliana akaolewa na Lumumba. Bwana alikuwa na miaka 25, karani wa posta mjini Stanleyville, Kisangani ya leo. Siku hizi msichana wa umri huo yuko sekondari msingi, na mwanamume akimchukua, chifu na polisi watamfuata. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida. Lumumba alikuwa ameshaoa na kuachana kabla yake, na mtoto wake François alizaliwa na mama mwingine. Nayasema haya mapema kwa sababu tukiwaandika wajane wa mashujaa huwa tunaipaka ndoa rangi ya sinema. Hii haikuwa sinema. Alikuwa msichana mdogo aliyepelekwa mjini kuishi na mtu mwenye haraka ya maisha.

Na haraka ilikuwepo kweli. Lumumba alitaka kutambuliwa na serikali kama Mwafrika aliyestaarabika, na kulikuwa na kadi maalum ya watu kama hao. Ili uipate, maafisa walikuja mpaka nyumbani kwako. Walikagua chumba, jikoni, jinsi mnavyokula, jinsi mke anavyotunza watoto. Lumumba aliipata mwaka 1954. Jina kwenye kadi lilikuwa lake, lakini mtihani ulifanywa na nyumba nzima.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1956 Lumumba alikamatwa kwa kesi ya pesa za posta, akafungwa. Pauline akabaki na watoto wadogo. Alipotoka mwaka uliofuata walihamia Léopoldville, na huko Lumumba akapata kazi ya kuuza bia. Ndiyo, bia. Kazi hiyo ilimpitisha baa kwa baa, mtaa kwa mtaa, na mtu mwenye ulimi kama wake hakuchukua muda kujulikana.

Oktoba 1958 wakaanzisha chama cha MNC. Desemba mwaka huo Lumumba alikuwa Accra, Ghana, kwenye mkutano mkubwa wa watu wa Afrika, ambao mwenyekiti wake alikuwa kijana Mkenya wa miaka 28, Tom Mboya. Alirudi Kongo akidai uhuru sasa hivi. Mwaka 1959 akafungwa tena baada ya ghasia za Stanleyville. Januari 1960 akatolewa jela moja kwa moja, akapelekwa Brussels kwenye meza ya mazungumzo. Juni 30, 1960 Kongo ikawa huru na yeye akawa waziri mkuu.

Pauline alikuwa na miaka 23. Katika miaka tisa ya ndoa, mumewe alikuwa amefungwa mara mbili na sasa anaongoza nchi kubwa kuliko Kenya mara nne.

Siku 67

Utawala wa Lumumba ulidumu siku 67. Wiki ya kwanza jeshi liliasi. Wiki ya pili jimbo la Katanga, lenye shaba na madini mengine ya thamani, lilijitenga chini ya Moïse Tshombe, na Wabelgiji wakasimama nyuma yake. Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa, hakuridhika nao, akaomba Urusi. Kwa Marekani, hapo alikuwa amejiandikia hukumu. Septemba 5 Rais Kasavubu akamfuta kazi. Septemba 14 kanali mmoja aitwaye Mobutu akachukua nchi.

Familia ikajikuta imefungiwa ndani ya nyumba. Walinzi wa Umoja wa Mataifa walisimama ndani ya uzio kumlinda Lumumba, na wanajeshi wa Mobutu wakasimama nje wakimsubiri atoke. Watoto wakubwa walitolewa nchini kisiri, wakapelekwa Misri kwa Rais Nasser. Pauline alikuwa mjamzito. Mtoto, msichana, alizaliwa kabla ya wakati huko Uswisi mwezi Novemba, na hakuishi.

Usiku wa Novemba 27, mvua ikinyesha, Lumumba alitoroka akiwa amejificha ndani ya gari. Alitaka kufika Stanleyville, kwa watu wake. Pauline na mtoto wao mdogo Roland, aliyekuwa na takriban miaka miwili, walikuwa naye safarini. Njiani watu walimsimamisha, naye akawahutubia, saa zikaenda. Mwanzoni mwa Desemba walifika mto Sankuru, mahali paitwapo Lodi. Masimulizi ya waliokuwepo yanasema Lumumba alishavuka mto, na wanajeshi wakawafikia mkewe na mwanawe ng'ambo ya pili. Badala ya kuendelea, alirudi. Akakamatwa.

Kutoka hapo dunia inaijua hadithi. Alirushwa Léopoldville akiwa amefungwa kamba, akawekwa kambi ya jeshi ya Thysville. Huko aliandika barua yake ya mwisho, ambayo imechapishwa na kusomwa kila mahali. Watu wanaijua kama wosia wa Lumumba kwa Afrika. Wachache wanakumbuka kwamba ni barua ya nyumbani. Iliandikwa kwa Pauline.

Januari 17, 1961 alipelekwa Katanga kwa ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa safari nzima. Usiku huo huo walipigwa risasi msituni karibu na Shilatembo, mbele ya viongozi wa Katanga na maafisa wa Kibelgiji. Kisha kimya. Kwa siku 27 hakuna aliyetangaza kifo. Februari 13 waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, akasema wafungwa walitoroka na wakauawa na wanakijiji. Kaburi liko wapi? Akakataa kusema. Hakutaka watu waende kuhiji pale.

Februari 14

Kesho yake Pauline alitoka. Kwetu sisi Februari 14 ni maua mekundu na chokoleti. Yeye alivua nguo za juu, nywele zimekatwa, akatembea na wanawake wenzake na waombolezaji wengine hadi makao ya Umoja wa Mataifa mjini Léopoldville. Alikutana na mkuu wao, Rajeshwar Dayal kutoka India, akamwomba amsaidie apate mwili.

Magazeti ya Ulaya yaliiweka picha ile kama kioja, mwanamke wa Kiafrika kifua wazi mjini. Kumbe ule ulikuwa msiba. Alikuwa amevaa, au tuseme amevua, kama mjane wa kwao anavyofanya mume akifa. Alifanya barabarani kile ambacho angefanya kando ya jeneza, kwa sababu jeneza halikuwepo.

Sisi Wakenya tunajua kwamba mwili wa mama ukiwa wazi hadharani ni kauli nzito. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamekita kambi Uhuru Park, Nairobi, walivua nguo mbele ya polisi. Ile ilikuwa laana na hii ya Pauline ilikuwa maombolezo, hayafanani. Lakini katika yote mawili wanawake walikuwa wamenyimwa kila njia nyingine ya kusikika.

Na Pauline alisikika mbali. Februari 15 jijini New York, Wamarekani weusi waliingia ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuvuruga kikao kwa ajili ya Lumumba. Miongoni mwao walikuwemo Maya Angelou na mwimbaji Abbey Lincoln. Hawa walikuwa watu wa harakati za haki za raia kule kwao, na waliona kifo cha Kongo na ubaguzi wa Marekani ni kesi moja.

Lakini mwili haukutolewa. Na sababu yake Pauline aliijua akiwa na zaidi ya miaka 60.

Kwa nini walificha

Ukweli ni kwamba siku ile anatembea, hakukuwa na mwili wa kumpa. Kabla redio haijatangaza kifo, ofisa wa polisi Mbelgiji aitwaye Gérard Soete alikuwa ametumwa kufukua miili ya wale watatu, kuikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali. Akisaidiwa na nduguye, alifanya hivyo. Na akabaki na meno, akaenda nayo kwao Ubelgiji.

Mbona uchukue shida yote hiyo kwa mtu ambaye ameshakufa? Hapa wazee wa Taita wangeelewa haraka kuliko profesa. Zamani kwenye milima yetu, mzee akifa alizikwa, na baada ya mwaka hivi au zaidi kaburi lilifunguliwa. Fuvu lilitolewa kwa heshima, likapelekwa kwenye pango la ukoo na kupangwa pamoja na ya waliotangulia. Mvua ikigoma au ugonjwa ukizidi, ukoo ulienda pale. Dini mpya zilipoingia desturi hiyo ilikufa, lakini mapango yapo bado. Mafuvu yale yalikuwa mahali pa kukutania. Ukoo ulikuwa na pa kwenda, na ulijua ni wa nani.

Munongo alijua hilo na Wabelgiji walijua. Kaburi la Lumumba lingekuwa pango la nchi nzima. Kwa hiyo walipoharibu mwili walikuwa wanaharibu mkutano ambao haujaitishwa bado. Na mtu wa kwanza aliyenyimwa mkutano huo alikuwa mjane.

Barabara nyingi, kaburi hakuna

Pauline aliondoka Kongo, akaenda Misri kwa watoto wake. Nasser aliwapokea. Baadaye aliishi Ulaya, Ubelgiji ikiwemo. Fikiria hiyo: mjane wa Lumumba akiishi katika nchi ambamo meno ya mumewe yalikuwa yamewekwa nyumbani kwa mstaafu wa polisi, naye hajui.

Wakati huo jina la mumewe lilikuwa linapanda kila mahali. Chuo kikuu kikapewa jina lake Moscow, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wakasomea huko. Mwaka 1964 Kenya ilipata Taasisi ya Lumumba, iliyojengwa na kina Jaramogi Oginga Odinga na Pio Gama Pinto kufundisha makada wa KANU. Mwaka uliofuata serikali ikaifunga. Ukishuka Roysambu, Nairobi, ukasikia makanga akiita Lumumba Drive, ndilo hilo jina. Dar es Salaam wana Mtaa wa Lumumba. Kampala wana barabara yake.

Kinachouma zaidi ni Mobutu. Mwaka 1966, yeye aliyemkamata Lumumba na kumkabidhi, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Mume wa Pauline akawa mali ya serikali ile ile iliyomtoa kafara. Wanaume wenye magwanda walipata Lumumba wa kuwekea hotuba. Mjane hakupata hata mfupa wa kuwekea ua.

Kuhusu Pauline mwenyewe hakuna mtaa tunaoujua. Kazi yake ilikuwa ya ndani: kulea watoto ugenini, Patrice, Juliana na Roland, na kuhakikisha wanajua baba yao ni nani na anadaiwa na nani. Kazi hiyo haina sanamu. Lakini subiri uone ilizaa nini.

Hatimaye alirudi Kinshasa. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu chenye ushahidi wa jinsi serikali ya Ubelgiji ilivyohusika. Muda huo huo Soete, akiwa mzee, alikiri mbele ya kamera za televisheni alichofanya na akaonyesha meno. Hakushtakiwa, alifariki mwaka 2000. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, ikasema Ubelgiji inabeba lawama ya kimaadili. Mwaka 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba msamaha.

Ukiangalia vizuri utaona kitu. Kamera ilipata ukweli, tume ikapata ripoti, waziri akapata hotuba yake. Mjane, aliyeomba mwili, alipata maelezo kwamba mwili haupo.

Desemba 23, 2014 Pauline Opango Lumumba alifariki usingizini, nyumbani kwake Kinshasa. Alikuwa karibu kutimiza miaka 78.

Jino

Sasa angalia watoto. Mwaka 2011 François, yule wa mama mwingine, alifungua mashtaka Brussels kuhusu mauaji ya baba yao. Kesi ilienda polepole, lakini ilifungua milango. Mwaka 2016, Pauline akiwa ameshakufa, maafisa wa Ubelgiji walichukua jino moja lenye dhahabu kutoka nyumbani kwa binti yake Soete. Halikupimwa DNA, kwa sababu kipimo chenyewe kingeliharibu. Lilikuwa limebaki hilo tu.

Juni 2020 Juliana, ambaye aliwahi kuwa waziri Kongo, alimwandikia barua Mfalme Philippe wa Ubelgiji akidai mabaki ya baba yake. Ni ombi lile lile la Februari 14, 1961, limebadilisha tu mdomo. Mama alienda kwa miguu, binti akaandika barua. Septemba mwaka huo mahakama ikaamua jino lirudishwe.

Juni 20, 2022 familia ilikabidhiwa kisanduku kidogo mjini Brussels. Kisanduku kikawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu. Jeneza likapelekwa Onalua alikozaliwa, Kisangani alikokuwa karani, na Shilatembo alikouawa. Juni 30, siku ya uhuru, likazikwa Kinshasa kwa heshima zote za taifa. Maelfu walijipanga barabarani. Miaka 61 baada ya kifo, Lumumba akapata msiba.

Kiti cha mjane kilikuwa tupu kwa miaka saba na nusu tayari.

Sisi na makaburi yetu

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Hapa Voi kuna makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Taveta kuna mengine. Mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila jiwe na jina, kikosi na tarehe. Ni wanajeshi wa Uingereza na Afrika Kusini, baadhi yao waliouawa kilima cha Salaita Februari 12, 1916. Watalii hufika, wajukuu wa wajukuu hufika kutoka ng'ambo, wanapata jina, wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka.

Lakini vita vile vilibebwa mabegani na Waafrika. Risasi, maji, unga, hata vipande vya mizinga vilibebwa na wapagazi, wale ambao jina lao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba Mwafrika hahitaji jiwe.

Na si wapagazi tu. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, nchi ya joto na mbu wasioijua. Wengi walikufa huko, mbali na mlima wao, mbali na wafu wao.

Kila mmoja wa hao alikuwa na mtu nyumbani. Kuna mwanamke Sagalla, Bura au Mwatate aliyesubiri mume aliyechukuliwa kubeba mizigo, akasubiri masika moja na nyingine, na hakuna aliyekuja kumwambia. Hakupata barua, hakupata mwili, hakupata hata tangazo la uongo kama lile la Munongo. Hao walikuwa kina Pauline wasiopigwa picha.

Msifikiri haya ni ya zamani. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957 na kuzikwa kaburi lisilo na alama. Mkewe, Mukami Kimathi, aliomba mifupa yake kwa kila serikali iliyoingia. Alifariki Mei 2023 bila kuipata. Machi 2024, hapo Malindi tu, familia za Shakahola zilipanga foleni mochari zikisubiri DNA iseme maiti ipi ni ya nani. Na baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana wa rika letu walichukuliwa na watu waliofunika nyuso, na mama zao wakazunguka vituo vya polisi na mochari wakiuliza.

Mama anayeuliza mochari hafanyi siasa kwanza. Anaomba kitu ambacho kila binadamu anadaiwa. Lakini swali lake linatikisa serikali, kwa sababu ukimjibu inabidi useme nani alifanya. Ndiyo maana anazungushwa. Ndiyo maana anaambiwa arudi kesho, aende ofisi ile, alete karatasi ile. Wanaomzungusha wanategemea atachoka, au atakufa.

Hapo ndipo Pauline anatufaa. Yeye alikufa kweli, na hesabu yao bado haikutimia, kwa sababu alikuwa ameliweka swali kwa watoto. Hakuwa na shahada, hakuwa na cheo, hakuongoza chama. Aliuliza mwili uko wapi, na hakuwaachia wanawe wasahau kwamba hajajibiwa. Wauaji walikuwa na tindikali, ndege na serikali mbili. Mwishowe ni wao waliotoa jino.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi ninayotupa sisi vijana wa kaunti hii, na haihitaji pesa. Ukipanda matatu kwenda Wundanyi au Taveta likizo ijayo, kaa na nyanya au babu yako jioni moja. Muulize nani katika ukoo alitoka hakurudi, awe alibeba mizigo ya vita, alipelekwa Malindi, alichukuliwa wakati wa hali ya hatari au alipotea Mombasa akitafuta kazi. Uliza jina kamili, jina la baba yake, mwaka kama wanaukumbuka, na mara ya mwisho alionekana wapi. Andika kwenye karatasi, na siyo kwenye simu pekee, maana simu hupotea. Uliza pia nani alibaki akimsubiri. Jina la huyo andika juu kabisa.